Kujifungulia nyumbani: nyumba ya Utrecht na nyumba ya Uvinza

Mjadala wa uzazi ukianza Kigoma, haupiti muda mrefu kabla mtu hajauliza: "Mbona Wazungu wenyewe wanazalia nyumbani?" Huuliza mama mkwe anayeiona safari ya kituo cha afya kuwa gharama ya bure. Huuliza kijana aliyeona video kwenye simu: mwanamke kaketi ndani ya beseni kubwa la maji sebuleni, mumewe kamshika mkono, mkunga kapiga magoti pembeni, hakuna anayefoka. Na swali lina msingi. Wapo wanawake wa Ulaya, Marekani na New Zealand wanaochagua kujifungulia nyumbani kwa hiari yao kabisa, wakiwa na bima ya afya na hospitali nzuri mtaa wa pili. Ila habari hiyo ikisafirishwa peke yake hadi Sikonge au Kakonko, ikaacha nyuma kila kilichoizunguka kule ilikotoka, inaweza kumgharimu mtu maisha.

Naandika haya kwa sababu naona pande zote mbili za ubishi huu zinakosea. Wanaosema nyumbani ni salama wanaitazama nyumba tu, hawaoni kilichosimama nyuma yake. Na wanaosema kila mjamzito aende hospitali, basi, wanalitazama jengo tu, hawamtazami mwanamke anavyopokelewa humo ndani.

Tuanze na Uholanzi, nchi ya mji wa Utrecht, maana ndiyo nchi tajiri inayotajwa kuliko zote. Katikati ya miaka ya 1960, karibu theluthi mbili ya watoto wa nchi hiyo walizaliwa nyumbani. Siku hizi wamepungua hadi chini ya mmoja kati ya watano, kwa sehemu kwa sababu wanawake wengi wanataka sindano ya ganzi ya mgongoni, na sindano hiyo haitolewi nyumbani. Hata hivyo bado ni wengi kuliko katika nchi jirani. Mkunga wa Uholanzi ana mamlaka yake kisheria tangu 1865. Hafanyi kazi chini ya daktari. Ana leseni yake, ofisi yake na wateja wake, na mjamzito asiye na tatizo humwona yeye tangu mwanzo hadi mwisho. Kuna orodha ya kitaifa inayoeleza hali ambazo mkunga lazima amkabidhi mama kwa daktari bingwa: mapacha, kovu la upasuaji, presha kupanda, mtoto kutanguliza makalio, na nyingine nyingi. Mwenye hali hizo hajadiliwi tena habari ya nyumbani.

Kwa anayebaki kwenye mpango wa nyumbani, maandalizi huanza wiki kadhaa kabla. Boksi la vifaa hufika mlangoni: pamba, pedi, kibana kitovu, shuka za kufyonza. Kitanda huinuliwa juu ya vigingi ili mkunga asiumie mgongo kwa kuinama. Siku ya uchungu mkunga huja na sindano ya kuzuia damu, vifaa vya kumsaidia mtoto asiyepumua, na simu ambayo akiipiga, gari la wagonjwa linatoka saa hiyo hiyo. Mama akishajifungua, mhudumu wa uzazi huja nyumbani kila siku kwa takriban siku 8. Humpima mama, humtazama mtoto, humfundisha kunyonyesha, na mara nyingine hushughulika hata na kazi za nyumba. Bima ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya gharama zote hizo. Ajabu kwetu ni kwamba kule anayechagua hospitali bila sababu ya kitabibu ndiye anayetakiwa kuongeza fedha mfukoni mwake.

Mwaka 2009 watafiti wa Uholanzi walichapisha uchambuzi wa wanawake 529,688 wasio na dalili za hatari, wakawalinganisha waliopanga kujifungulia nyumbani na waliopanga hospitali. Vifo vya watoto havikutofautiana. Hiyo ndiyo takwimu wanayoishika wapenzi wa uzazi wa nyumbani duniani kote, na mimi siipingi. Naomba tu isomwe pamoja na boksi, orodha, simu na gari la wagonjwa.

Uingereza inatufundisha jambo jingine. Utafiti mkubwa uliotolewa huko mwaka 2011 ulifuatilia wanawake 64,538 wenye mimba zisizo na hatari ya kutambulika. Kwa waliokwisha kuzaa angalau mara moja, mtoto hakuwa kwenye hatari zaidi nyumbani kuliko hospitali, na mama aliepuka upasuaji na dawa nyingi asizozihitaji. Kwa mimba ya kwanza mambo yalibadilika. Matatizo makubwa kwa mtoto yalitokea mara 9.3 katika kila uzazi 1,000 uliopangwa kufanyika nyumbani, wakati kwa hospitali ilikuwa mara 5.3. Na katika kila wanawake 100 wa mimba ya kwanza waliopanga kuzalia nyumbani, 45 walihamishiwa hospitali wakiwa kwenye uchungu au mara tu baada ya kujifungua. Kwa waliokwisha kuzaa, waliohamishwa walikuwa 12.

Hiyo 45 ndiyo ya kutuliza macho juu yake. Hawa walikuwa wanawake waliochujwa, wenye afya, wakiwa na mkunga msomi chumbani. Bado karibu nusu ya wenye mimba ya kwanza walihitaji kuondoka. Kwa hiyo "nyumbani" kwa Mwingereza ni mpango wa kuanzia nyumbani, wenye mlango wa pili ulio wazi muda wote, na barabara ya lami inayotoka kwenye mlango huo hadi chumba cha upasuaji. Ukiufunga huo mlango wa pili, matokeo ya utafiti hayakuhusu tena.

Sasa kuna imani moja ya kwetu ambayo kwa haraka haraka inaonekana kukubaliana na Waingereza. Vijijini Kigoma na Tabora utasikia: mimba ya kwanza mpeleke hospitali, zinazofuata atajifungua mwenyewe, njia imeshafunguka. Kwa mimba ya pili na ya tatu hoja hiyo ina chembe ya ukweli. Lakini kwetu si ajabu kumkuta mama wa mimba ya saba au ya nane, na hapo hesabu inageuka. Mfuko wa uzazi uliobeba mimba nyingi huchoka kusinyaa baada ya kondo la nyuma kutoka, na usiposinyaa, mishipa iliyokuwa ikilisha kondo hubaki wazi, damu inamwagika. Ndiyo maana kliniki humweka mama wa mimba ya tano na kuendelea kwenye kundi la hatari, pamoja na wa mimba ya kwanza, mfupi chini ya sentimita 150 na mwenye kovu la upasuaji. Yule mama mzoefu, anayejisifu kwamba watoto wote sita alizaa peke yake shambani, ndiye mkunga anayemwombea afike mapema.

Kwingineko duniani mitazamo imetawanyika. Marekani wanaozalia nyumbani hawafiki 2 kati ya 100, na chama kikuu cha madaktari wa uzazi cha huko kinasema hospitali na vituo vya uzazi ndiyo sehemu salama zaidi. Kila jimbo lina sheria zake kuhusu mkunga gani aruhusiwe kuingia nyumba ya mtu, na mara nyingi familia hulipa yenyewe kwa sababu bima haitaki. Wengi wanaochagua nyumbani kule wanakimbia kitu: karibu theluthi moja ya uzazi wa Marekani huishia kwenye kisu, na wanawake weusi hufa kwa uzazi karibu mara tatu ya weupe. Brazil imekwenda mbali zaidi. Zaidi ya nusu ya watoto huzaliwa kwa upasuaji, na katika hospitali binafsi ni zaidi ya 8 kati ya 10. Hungary mjamzito mmoja alifikisha serikali yake kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na mwaka 2010 mahakama ikakubali kwamba kuchagua mazingira ya kujifungulia ni sehemu ya maisha binafsi ya mtu. Miaka 6 baadaye mahakama hiyo hiyo iliwakatalia wanawake wa Jamhuri ya Czech waliotaka wakunga waruhusiwe kuwahudumia nyumbani. Hata huko, basi, hakuna jibu moja.

Nyumba ya Uvinza imesimama mahali pengine kabisa. Chukua vijiji vya mwambao kusini mwa Kigoma, kuelekea Kalya, ambako milima ya Mahale inashuka hadi ziwani. Uchungu ukikwama usiku, njia ni maji. Boti ipatikane, mafuta yapatikane, na upepo wa Tanganyika ukubali. Au nenda Tabora, Kaliua na Urambo, msimu wa tumbaku. Familia huhamia mashambani, ndani ya miombo, mbali na kijiji chenye zahanati, na masika yakishuka bodaboda hazipiti. Wataalamu wa afya ya uzazi husema mama hufa kwa kucheleweshwa mara tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Kwa mama wa mwambao na wa shamba la tumbaku, hilo la pili peke yake linatosha. Damu ikianza kumwagika baada ya kujifungua, mwanamke aliyekuwa mzima asubuhi anaweza kufa ndani ya saa mbili. Huko kwa Waholanzi saa mbili ni muda mrefu sana. Kwetu zinaweza kuisha watu bado wanamtafuta mwenye boti.

Jambo ambalo wengi wa hapa hawalijui ni kwamba Kigoma imewahi kuifundisha dunia juu ya damu hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikaa na wakunga wa jadi wa mkoa huu wakitafuta namna ya kupima damu bila mizani wala chombo cha hospitali. Wakaigeukia kanga, ambayo hutandikwa chini ya mama kila nyumba. Walipima, wakakuta kanga mbili zikiloa kabisa zina zaidi ya mililita 500 za damu, kiwango ambacho ni hatari. Mkunga wa jadi asiyejua kusoma akaweza kutambua: kanga ya pili imeloa, hapa tusisubiri tena. Akifika hapo, alikuwa amekabidhiwa vidonge vya misoprostoli, dawa ya kuukaza mfuko wa uzazi isiyohitaji jokofu. Matokeo yakachapishwa mwaka 2005: waliohitaji kupelekwa mbele kwa sababu ya damu walikuwa wachache mno, ukilinganisha na eneo ambalo wakunga wa jadi hawakuwa na vidonge.

Kuna watakaosema habari hii inatetea uzazi wa nyumbani. Naiona tofauti. Inaonyesha kwamba hata pale mama anapojifungulia nyumbani, kinachomwokoa ni ujuzi na dawa vilivyomfuata pale alipo. Ndivyo ilivyokuwa Uswidi ya karne ya 19: kabla hospitali hazijaenea, serikali ilisomesha wakunga na kuwatawanya vijijini, wakazalisha majumbani kwa usafi na kwa sheria, na vifo vya uzazi vikashuka. Lakini mkunga wa Uswidi alikuwa mtaalamu aliyesomea kazi, mwenye vifaa. Bibi yetu wa kijijini ana moyo, ana uzoefu wa miaka, ana lugha inayomtuliza mwanamke. Hana damu ya kumwongezea, hana dawa ya kifafa cha mimba, na mtoto akilala mlalo tumboni hana chumba cha upasuaji.

Kwa hiyo nikiulizwa na binti wa Kasulu leo, mama wa mtoto mmoja, mwenye afya, nitamwambia aende kituoni, tena mapema. Silegezi neno hapo.

Ila binti naye atakuwa na lake la kusema, na hapo ndipo sisi tunaopiga kampeni tunapoziba masikio. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliofanyika hapa hapa wilaya ya Kasulu, na miongoni mwa walioufanya alikuwamo Dk. Godfrey Mbaruku, daktari wa uzazi ambaye alikuwa amefanya kazi miaka mingi Kigoma. Wanawake 1,203 wa vijijini waliwekewa mbele vituo vya kufikirika na kuambiwa wachague: hiki kipo karibu lakini mhudumu ni mkali, kile kipo mbali lakini kina dawa, hiki ni bure, kile kina usafiri, hapa kuna daktari, pale kuna muuguzi. Ungetegemea umbali au bei ndiyo itangulie. Mambo mawili yaliyobeba uzito kuliko mengine yote yalikuwa haya: mhudumu mwenye heshima, na kuwepo kwa dawa na vifaa.

Naomba msomaji akae na jambo hilo kidogo. Wanawake wa kijijini, wasio na gari, wengine wakiwa na ndoo ya maji kichwani wakati wa kuhojiwa pengine, walisema watatembea mbali zaidi ilimradi wasitukanwe na ilimradi dawa ziwepo. Na hawakuwa wanasema tu. Utafiti mwingine wa wilaya hiyo hiyo ulikuta sehemu kubwa ya waliojifungulia kwenye vituo walikipita cha karibu na kwenda cha mbali, kwa sababu hawakukiamini cha karibu. Halafu sisi tunasimama kwenye mikutano ya hadhara na kusema wanawake hawa hawana elimu ya afya.

Kutendewa vibaya leba si uvumi wa kisimani. Uchunguzi uliofanyika Tanga, wilaya za Korogwe na Muheza, uliwauliza wanawake wakati wanaondoka wodini kama walifokewa, walipigwa, walivuliwa nguo mbele za watu au waliachwa peke yao. Karibu 19 kati ya 100 walisema ndiyo. Walipofuatwa nyumbani baada ya wiki kadhaa na kuulizwa tena, wakafika 28. Maana yake wapo waliokuwa na hofu ya kusema wakiwa bado kwenye geti la kituo. Yule wa nyumbani anayekataa kurudi mimba ya pili huenda ni mmoja wao, na hatakwambia sababu. Atasema tu, "Uchungu ulinikuta ghafla."

Ukimsikiliza anachopata kwa bibi mkunga, utakuta ni orodha fupi. Anasalimiwa, kwa Waha anaambiwa mwakeye, kwa Wanyamwezi mwangaluka, kabla hajaulizwa kadi. Mama yake au wifi yake yupo chumbani. Anachuchumaa au anapiga magoti kama mwili unavyomtuma, halazwi chali kwenye kitanda cha chuma. Anapewa uji wa moto akimaliza. Hakuna anayemwuliza kwa nini hakuja na jozi za glovu, wembe, mpira wa kutandika na pamba, vitu ambavyo kwa sera ya nchi, inayosema huduma ya uzazi ni bure, asingepaswa kuhangaika navyo, lakini ambavyo kila mjamzito wa mkoa huu anajua atavinunua. Sasa linganisha orodha hiyo na ya yule mwanamke wa Utrecht. Anataka mkunga anayemjua. Anataka mumewe awepo. Anataka kujifungua kwa mkao wake. Anataka kuheshimiwa. Mahitaji ni yale yale. Tofauti ni kwamba mwenzetu anayapata pamoja na usalama, wetu analazimishwa achague kimoja.

Na kwa kitabibu hakuna kinachozuia mambo hayo kuingia kituoni. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu huduma wakati wa uchungu, linapendekeza kila mwanamke awe na mtu aliyemchagua mwenyewe pembeni yake, apewe heshima, aruhusiwe kutembea, na achague mkao wa kujifungulia. Kigoma tumeshajaribu. Baadhi ya vituo vya mkoa huu viliwahi kuruhusu wenza wa uzazi kuingia leba, chini ya mradi wa Thamini Uhai uliofadhiliwa na taasisi ya Bloomberg Philanthropies, mradi ule ule uliowezesha vituo vya afya vya vijijini kufanya upasuaji wa kumtoa mtoto kwa mikono ya madaktari wasaidizi. Kilichohitajika kwa ajili ya wenza kilikuwa pazia kati ya vitanda, kiti, na wauguzi waliokubali. Pazia! Hatuwezi kusema tumeshindwa kwa sababu ya umaskini.

Badala yake, sehemu nyingi tumekimbilia faini. Kijiji kinatunga sheria ndogo: atakayejifungulia nyumbani atalipa, mkunga wa jadi atakayemzalisha atalipa zaidi. Naelewa nia ya viongozi, wamechoka kuzika. Faini inawasukuma baadhi kwenda kituoni, sikatai. Lakini inamwadhibu zaidi yule aliye mbali na asiye na nauli, yaani yule yule ambaye tayari amekosa huduma. Anayeiogopa hujificha. Mkunga wa jadi naye, anayejua ataitwa kwa mtendaji, hawezi kutoka mbio kutafuta msaada mambo yakiharibika, atasubiri, na kusubiri ndiko kunakoua. Malawi walipitia njia hii: mwaka 2007 serikali iliwapiga marufuku wakunga wa jadi wasizalishe, machifu wakatoza mbuzi au fedha, na mwaka 2010 rais wa wakati huo, Bingu wa Mutharika, akaiondoa marufuku ile. Malaysia waliwafanya wakunga wao wa kijijini kuwa washirika. Mkunga wa serikali alipelekwa jirani, yule wa jadi akabaki na kukanda, kumwogesha mama, kusimamia mila na kumsindikiza. Polepole uzazi wenyewe ukahamia kwenye mikono yenye ujuzi, na bibi hakupoteza heshima yake wala kipato chote.

Burundi, hapo ng'ambo ya Manyovu, ambao lugha yao na Kiha zinasikilizana, walianzia kwenye gharama. Mwaka 2006 walifuta malipo ya kujifungua na ya matibabu ya watoto chini ya miaka 5. Wodi zilifurika, wauguzi wakalemewa, dawa zikapungua. Haikuwa kazi safi. Lakini ilipofika 2016 na 2017, zaidi ya wanawake 8 kati ya 10 walikuwa wanajifungulia kwenye vituo. Rwanda walitumia bima ya jamii na wahudumu wa afya wa vijijini, wakatoka 28 kati ya 100 mwaka 2005 hadi 91 ndani ya miaka 10.

Sisi pia tumesogea sana. Takwimu za kitaifa za afya na idadi ya watu zilionyesha wanaojifungulia kwenye vituo Tanzania ni nusu mwaka 2010, na 81 kati ya 100 mwaka 2022. Vifo vya uzazi katika tafiti hizo vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015 na 2016 hadi 104 mwaka 2022. Waliobaki nyumbani sasa ni wale walio mbali zaidi, maskini zaidi, au walioumizwa zaidi na huduma. Hotuba walishazisikia.

Na hao walioko ndani ya vituo wanastahili zaidi ya kuhesabiwa. Historia ya hospitali ya mkoa wa Kigoma inalisema hili kuliko mradi wowote mpya. Mwaka 1984 vifo vya uzazi pale vilikuwa 933 kwa kila vizazi hai 100,000. Dk. Mbaruku na wenzake hawakungoja mfadhili. Walitafuta rasilimali zilizokuwepo mkoani, wakatengeneza vifaa vilivyokufa, wakapanga upatikanaji wa damu, wakawafundisha watumishi, wakaweka taratibu za kufuatwa kwa kila dharura, wakarudisha imani ya wananchi. Kufikia 1991 vifo vilikuwa 186. Wanawake wale waliokufa mwanzoni walikuwa tayari wamefika hospitali. Jengo walilikuta. Kilichokosekana ndicho kilichoongezwa baadaye.

Mjamzito anayesoma haya, au mume wake, au mama mkwe wake, aanze kliniki mapema na aulize mambo bila aibu. Zahanati yetu inazalisha usiku, au muuguzi ni mmoja na saa kumi anafunga? Kituo cha karibu kinachofanya upasuaji ni kipi, na kutoka hapa ni saa ngapi masika? Nimewekwa kundi la hatari? Kama ndiyo, au kama kijiji kipo mwambao au ndani ya mashamba, kuna nyumba ya kusubiria wajawazito karibu na hospitali, ili nisogee wiki mbili tatu kabla, au ndugu wa kufikia mjini? Namba ya dharura ya mfumo wa m-mama, 115, hupigwa bure, na hutafuta gari la wagonjwa au dereva wa kijijini aliyesajiliwa pale gari halipo. Iandikwe ukutani, isikae kwenye simu ya baba peke yake. Kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, kuvimba uso, damu yoyote kabla ya uchungu, maji kutoka bila uchungu, mtoto kuacha kucheza: hakuna kati ya hayo linalosubiri asubuhi. Na dawa za mitishamba za kuongeza uchungu ziachwe, kwa sababu zinaweza kuubana mfuko wa uzazi hadi mtoto akakosa hewa au mfuko ukapasuka.

Ukiuliza kama mama yako anaweza kukaa nawe leba ukaambiwa haiwezekani, usiishie dirishani. Kila zahanati na kituo cha afya cha umma kina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi. Waulizwe wao, kwenye mkutano wa kijiji, mtendaji akiwepo na mganga mfawidhi akiwepo: pazia la leba ni shilingi ngapi, na litafungwa lini?